Fikra za waandaaji programu za kompyuta zinavyoweza kumfaa dereva barabarani

KABLA jua halijachomoza juu ya Ziwa Victoria, dereva wa gari dogo la abiria anajiandaa kuondoka Rubafu, kata iliyo ufukweni mwa ziwa hilo, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mkoani Kagera. Ndani ya gari wamo wanafunzi, mama anayempeleka mtoto hospitali na wafanyabiashara wanaowahi soko. Juu ya paa imefungwa mikungu ya ndizi.

Dereva huyo hana kompyuta na huenda hajawahi kuigusa. Hata hivyo, kichwani mwake tayari amepanga mambo kadhaa. Mvua imenyesha usiku, hivyo mteremko ulio mbele utakuwa na utelezi na itabidi arudi gia ya pili mapema. Akikutana na lori penye daraja jembamba, atasubiri ng'ambo hii. Akikuta barabara imekatika, atazunguka kwa njia ya juu.

Mpangilio huo wa "likitokea hili, fanya lile" ndio msingi wa kazi ya waandaaji programu, yaani watu wanaoandika maelekezo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Tofauti iliyopo ni kwamba dereva wengi hufanya hivyo kwa mazoea, ilhali mwandaaji programu amefundishwa kufanya hivyo kwa makusudi, na amejifunza kwa uchungu kinachotokea anaposahau hatua moja.

Mwaka 2006, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, Jeannette Wing, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba namna ya kufikiri ya wataalamu wa kompyuta isibaki kuwa mali yao peke yao, bali ifundishwe kwa kila mtu kama kusoma, kuandika na kuhesabu. Barabara ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa sababu huko kosa dogo la kufikiri hulipwa kwa uhai.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zilizotolewa mwaka 2023 zinaonyesha kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Njia iliyo fupi

Uhusiano kati ya kompyuta na safari ni wa siku nyingi. Mwaka 1956, Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa waandaaji programu wa mwanzo barani Ulaya, alikuwa amekaa katika mkahawa mjini Amsterdam pamoja na mchumba wake wakinywa kahawa baada ya kuzunguka madukani. Akajiuliza swali ambalo dereva yeyote hujiuliza: njia iliyo fupi kuliko zote kutoka mji wa Rotterdam hadi mji wa Groningen ni ipi?

Alilipatia jibu kwa muda wa dakika 20 hivi, bila karatasi wala kalamu. Mbinu aliyoibuni, iliyochapishwa mwaka 1959, ni ya kuanzia mahali ulipo, kufika kwanza katika kituo kilicho karibu zaidi, kisha kila mara kuendelea na kituo chenye jumla ndogo ya mwendo, hadi kufika unakokwenda. Mbinu hiyo na nyingine zilizozaliwa kutokana nayo ndizo zinazotumika hadi leo katika programu zinazoonyesha njia kwenye simu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mbinu ya Dijkstra haijui kilomita ni nini. Inajua gharama tu, na anayeitumia ndiye anayeamua gharama hiyo ipimwe kwa nini: kwa umbali, kwa dakika, kwa lita za mafuta au kwa hatari.

Dereva wa Kagera analijua hilo bila kufundishwa. Njia iliyo fupi wakati wa kiangazi si lazima iwe fupi wakati wa masika, kwa maana kilomita tano za tope huweza kumgharimu kuliko kilomita kumi za changarawe ngumu. Anayeshindwa ni yule anayekazana na kipimo kimoja tu, hasa kile cha mwendo kasi.

Tuchukue safari ya kilomita 30. Anayekwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa atafika kwa dakika 30. Anayekwenda kwa kilomita 80 kwa saa atafika kwa dakika 22 na nusu. Ameokoa dakika saba na nusu, ambazo huweza kumalizwa zote na kituo kimoja cha kupakia mizigo.

Lakini nguvu za mwendo hazipandi kwa kiasi hicho hicho. Umbali ambao gari huhitaji kusimama baada ya breki kukanyagwa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, umbali huo huongezeka karibu mara 1.8. Mwandaaji programu makini hupima kwanza muda unapotea wapi, ndipo aharakishe sehemu hiyo. Dereva anayefanya hesabu hiyo atagundua kuwa dakika nyingi hupotea gari likiwa limesimama.

Swali la "je, ikiwa?"

Mwandaaji programu chipukizi huandika programu inayofanya kazi iwapo kila mtu atafanya kama alivyotarajiwa. Palipotakiwa kujazwa umri, anaamini mtu atajaza umri. Mzoefu haamini hivyo. Hujiuliza: je, ikiwa mtu ataandika jina lake? Je, ikiwa ataandika miaka 300? Je, ikiwa umeme utakatika katikati ya kazi? Kwa kila swali huandaa jibu mapema.

Udereva wa kujihami, unaofundishwa katika vyuo vya udereva, ni swali hilo hilo. Mpira ukiviringika barabarani, dereva makini haangalii mpira, anamtafuta mtoto anayeufuata. Mbuzi mmoja akivuka, anajua kundi liko nyuma. Basi likiwa limesimama kituoni, anatarajia mtu kuchomoza mbele yake. Kona ikiwa imefunikwa na migomba, anaichukulia kwamba nyuma yake yupo mwendesha baiskeli mwenye mkungu wa ndizi, hata kama mara 100 zilizopita hapakuwa na mtu.

Mara hizo 100 ndizo zenye hatari. Programu iliyofanya kazi mara 100 haijathibitishwa kuwa ni salama. Imethibitishwa tu kuwa mara hizo 100 hazikukutana na jambo linaloiangusha. Dereva anayesema amepita hapo miaka kumi bila ajali hana tofauti na mwandaaji programu anayekataa kufanya majaribio.

Mpaka usiolindwa

Tabia nyingine ya waandaaji programu ni kushughulika na mipaka. Kila sehemu ya kuhifadhia tarakimu katika kompyuta ina ukomo wake, na programu isiyochunga ukomo huo huharibika.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ililipuka sekunde zipatazo 40 baada ya kurushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Chanzo kilikuwa ni tarakimu ya mwendo iliyozidi nafasi iliyotengwa. Sehemu hiyo ya programu ilichukuliwa kutoka roketi ya awali, Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kufikia kiwango hicho.

Majuma mawili kabla ya tukio hilo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Matukio hayo hayalingani kwa uzito. Roketi haikuwa na mtu hata mmoja, wakati MV Bukoba ilipoteza mamia ya watu, wengi wao wakizikwa katika makaburi ya pamoja ya Igoma, Mwanza, na nyumba nyingi za Kagera zingali na majonzi yake.

Hata hivyo, swali la mwandaaji programu linahusu yote mawili: nani alilinda mpaka? Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee, waliokuwa na orodha, walizidi idadi hiyo, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa. Idadi iliyoandikwa kwenye hati, lakini isiyohesabiwa mlangoni, si mpaka.

Somo hilo lililipiwa tena tarehe 20 Septemba 2018, pale kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228.

Katika programu iliyoandikwa vizuri, ukaguzi huwekwa mwanzoni kabisa, mahali taarifa zinapoingia, na kinachozidi hukataliwa hapo hapo. Katika gari la abiria, mahali hapo ni mlangoni kwa kondakta. Anapomwambia abiria wa 20 kwamba asogee nafasi ipo, wakati viti ni 14, ameondoa ulinzi ambao hauwezi kurejeshwa gari likiwa kwenye mteremko.

Mazoea yanapovuka mpaka

Kisa cha Ariane kina fundisho la pili. Programu ya zamani haikuwa mbovu. Ilikuwa sahihi mahali pake, ikapelekwa mahali pengine bila kuulizwa kama mazingira ni yale yale.

Mkoa wa Kagera una mfano wa wazi wa jambo hilo. Dereva anayekwenda Uganda kupitia Mutukula huendelea kushika upande wa kushoto wa barabara kama kawaida. Lakini anayekwenda Rwanda kupitia Rusumo, wilayani Ngara, akishavuka daraja la Mto Kagera hulazimika kushika upande wa kulia.

Siku ya kwanza hapati shida sana, kwa kuwa akili yake yote iko macho. Hatari huja anapokuwa peke yake barabarani alfajiri, au anapotoka kituo cha mafuta huku akiwaza mengine. Hapo mikono hufuata maelekezo ya zamani. Kadhalika wakati wa kurudi nyumbani, kwa sababu dereva hudhani amekwisha kufika salama.

Sweden ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe 3 Septemba 1967, haikuwaachia madereva wakumbuke wenyewe. Saa 10:50 alfajiri magari yote yaliyokuwa barabarani yalitakiwa kusimama, yakahamia upande wa pili taratibu na kusimama tena, kisha saa 11:00 yakaruhusiwa kuendelea. Ni mpango ambao mwandaaji programu yeyote angeutambua: simamisha, badilisha, hakikisha, ndipo uendelee.

Akili inapokatizwa

Waandaaji programu hulalamika sana wanapokatizwa. Mtu anayefuatilia programu ndefu hubeba kichwani picha ya vitu vingi kwa wakati mmoja. Akiulizwa swali moja tu, picha hiyo huvunjika, na humchukua muda kuijenga upya.

Dereva naye hubeba picha ya aina hiyo: pikipiki iliyo nyuma, mtoto aliye pembeni, lori linalokuja, shimo alilolikwepa jana. Simu inapolia na yeye akaitazama, picha hiyo hubaki ilivyokuwa huku barabara ikiendelea kubadilika.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Macho yakiwa kwenye simu kwa sekunde tano, gari limekwenda mita 111, umbali unaozidi urefu wa kawaida wa uwanja wa soka kama ule wa Kaitaba mjini Bukoba. Hakuna dereva ambaye angekubali kuendesha gari kutoka goli hadi goli akiwa amefumba macho.

Chanzo badala ya mkosaji

Pengine tabia yenye manufaa kuliko zote ni ile ya kutafuta hitilafu. Programu inapokwama, mwandaaji mzuri haridhiki kusema kwamba mtumiaji alikosea. Anajua kuwa watu watakosea daima. Anachouliza ni kwa nini kosa dogo liliruhusiwa kuleta madhara makubwa.

Barabarani mambo mara nyingi huwa kinyume. Taarifa nyingi za ajali huishia kwenye maneno "uzembe wa dereva" au "mwendo kasi". Huenda ni kweli, lakini jibu hilo lingekuwa mwanzo wa maswali.

Ikiwa gari limeacha njia kwenye kona, kwa nini lilikuwa na mwendo mkubwa? Kwa sababu lilichelewa. Kwa nini lilichelewa? Kwa sababu lilisubiri kujaa. Kwa nini ni lazima lijae? Kwa sababu mwenye gari anadai hesabu yake kila jioni, na kinachozidi hesabu ndicho mlo wa dereva. Kwa nini kona ile haikuonekana? Kwa sababu haina alama. Kila jibu linafungua mlango wa kurekebisha jambo ambalo dereva peke yake hawezi kulirekebisha.

Mwezi Oktoba 1997, Bunge la Sweden lilipitisha sera iliyojengwa juu ya fikra hiyo. Sera hiyo ilikubali kwamba binadamu hukosea, na ikataka barabara, magari na mwendo vipangwe ili kosa lisiue. Barabara zilizokuwa na ajali nyingi za kugongana uso kwa uso ziliwekewa nyaya za chuma katikati. Vifo vya barabarani nchini humo vilivyozidi 500 mwaka 1997 vilishuka hadi chini ya 250 mwaka 2020.

Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 chini ya Waziri wa Uchukuzi wakati huo, John Michuki, zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda kwa kila abiria. Mantiki ni ile ile: usimtegemee dereva akumbuke kila siku jambo ambalo mtambo unaweza kulizuia. Hata hivyo, mtambo usiokaguliwa huchezewa, na kanuni isiyosimamiwa husahaulika.

Hoja hii haimwondolei dereva lawama. Aliyelewa na akashika usukani amekosa, na sheria ipo kwa ajili yake. Lakini kumfunga dereva mmoja hakuiwekei alama kona itakayomkuta dereva wa kesho.

Pale kompyuta iliposhindwa

Pamoja na faida hizo, fikra za waandaaji programu zina upofu wake. Programu huona tu kile ambacho mwandishi wake alikifikiria.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Uchunguzi wa chombo cha usalama wa usafiri cha nchi hiyo ulibaini kuwa vifaa vya gari vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini programu iliendelea kubadilisha jibu: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Haikumtambua kuwa ni mtembea kwa miguu, kwa sababu haikuandaliwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Msimamizi aliyekuwa ndani ya gari alikuwa akitazama simu.

Kwa Rubafu, mtu anayevuka pasipo na kivuko huku akisukuma baiskeli si jambo la ajabu. Ndiye mtumiaji wa kawaida wa barabara. Mkulima anayepeleka ndizi sokoni, mwanafunzi, mvuvi mwenye kapu, wote huvuka wanapoona panafaa. Dereva wa huko hamhitaji mtu huyo awe na jina katika orodha. Anamwona, anampungia mkono, anamngoja.

Zaidi ya hapo, mwandaaji programu ana anasa moja ambayo dereva hana. Programu ikianguka, huianzisha upya, akarekebisha mstari mmoja na kujaribu tena hata mara 50 kwa siku. Barabarani hakuna kuanza upya.

Ndiyo maana jambo la kuazimwa kwa wataalamu hao si kasi yao wala ustadi wao wa mitambo. Ni unyenyekevu wao mbele ya kosa: kukubali kabla ya safari kwamba kosa litatokea, kujiuliza litatokea wapi, na kuliwekea nafasi ya kutokea bila kuua. Nafasi hiyo huweza kuwa mita chache zaidi nyuma ya lori, kiti kimoja kilichoachwa wazi, simu iliyozimwa, au breki iliyokaguliwa kabla ya mteremko na si baada yake.

Dereva wa Rubafu aliyeanza safari alfajiri anayafanya mengi kati ya hayo bila kuyapa majina. Wahenga walisema, ajali haina kinga. Mwandaaji programu angeongeza kwamba isiyokuwa na kinga ni ile tu ambayo hakuna aliyekaa chini akaifikiria mapema.